Mpigo wa Kamera: Aina Zake, Kazi Zake na Majina Yake kwa Kiswahili

1. Utangulizi

Mara nyingi, mwanafunzi wa vyuo vyetu anapoeleza filamu kwa Kiswahili, maelezo yake huenda vizuri maadamu anasimulia kisa: nani alifanya nini, wapi, na mwisho ulikuwaje. Lakini pindi anapotakiwa kueleza jinsi kisa hicho kilivyoonyeshwa, Kiswahili chake humwishia mdomoni, naye hukimbilia Kifaransa: "gros plan", "plan d'ensemble", "plongée". Si kwamba hajui anachokiona. Anakijua, ila hana jina la kukiita.

Makala haya yanakusudia mambo mawili. Kwanza, kueleza kwa ufupi aina kuu za mipigo ya kamera na kazi ya kila moja. Pili, kupendekeza majina ya Kiswahili ambayo mwalimu na mwanafunzi wanaweza kuyatumia bila kusitasita. Mambo haya hayatenganiki, kwa kuwa asiye na jina la kitu huona shida kukihoji. Na kama tutakavyoona mbele, katika historia ya bara letu wapo waliodai kwamba Mwafrika hana uwezo wa kuisoma picha ya sinema. Hapana budi dai hilo lijibiwe, na ni vema lijibiwe kwa lugha yetu.

2. Mpigo ni nini?

Tuanze na fasili. Kamera inapowashwa hunasa picha nyingi tuli kwa mfululizo, na kwa desturi iliyozoeleka katika sinema ya sauti, idadi yake ni picha 24 kwa kila sekunde. Zikionyeshwa kwa kasi hiyo hiyo, jicho huziona kama mwendo mmoja. Kipande chote kinachoonekana bila kukatwa, tangu mkato mmoja hadi mkato unaofuata, ndicho tunachokizungumzia hapa.

Tukiite nini? Neno "picha" halitoshi, maana lina kazi nyingi mno: picha ya ukutani, picha ya pasipoti, hata filamu nzima. "Pigo" lingetokana vizuri na kitenzi "kupiga picha", lakini maana yake ya msiba na kipigo imekwisha kulitawala. Tunapendekeza "mpigo". Neno hili limo katika "mpigo wa ngoma" na "mpigo wa moyo". Aidha limo katika usemi "kwa mpigo mmoja", yaani kwa mara moja bila kukatiza. Na hiyo ndiyo sifa ya msingi ya jambo tunalolitaja: kamera imelichukua kwa mpigo mmoja.

Wanaisimu watauliza: je, mpigo ni sawa na neno? Mfaransa Christian Metz alilijadili swali hilo mwaka 1964, akaonyesha kwamba mpigo hukaribia sentensi kuliko neno. Picha ya bastola kwenye kioo cha sinema haisemi tu "bastola". Inasema "hii hapa bastola". Hakuna mpigo usiotoa taarifa. Kila mpigo huarifu kitu, na huarifu ukiwa mahali fulani, kwa umbali fulani, kwa upande fulani. Kwa sababu hiyo tutaiainisha mipigo kwa vigezo vitatu: umbali, pembe na mwendo; kisha tutatazama jinsi inavyounganishwa.

3. Mipigo kwa umbali

Mwaka 1896 ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu filamu fupi ya garimoshi likiingia katika stesheni ya La Ciotat, kusini mwa Ufaransa. Filamu hiyo haifiki hata dakika moja, nayo ni mpigo mmoja tu, kamera haikusogea. Hata hivyo ndani yake mna takribani umbali wote tunaoutaja leo. Mwanzoni garimoshi ni doa dogo kule mbali. Kisha linakua na kujaza upande mmoja wa picha. Abiria wanashuka, na wengine wanapita karibu kabisa na kamera. Wasanii waliofuata walichokifanya ni kuutenga kila umbali na kuupa kazi yake.

Kipimo cha umbali huo, katika mapokeo ya sinema, ni mwili wa binadamu. Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa msemaji wa Kiswahili, ambaye wazee wake walipima kwa shibiri, dhiraa na pima. Tunaweza basi kuitaja mipigo kwa kusema mwili umekatwa wapi.

(a) Mpigo wa mandhari. Nchi ni kubwa, mtu ni mdogo au haonekani kabisa. Hueleza mahali na hali: msitu, machimbo, mji usiku. Ukitumiwa mwanzoni mwa onyesho, huwa ni mpigo wa kutambulisha mahali.

(b) Mpigo wa mwili mzima. Mtu anaonekana tangu kichwani hadi nyayoni. Ni mpigo wa tendo: kucheza, kupigana, kubeba mzigo.

(c) Mpigo wa mapajani. Mwili umekatwa katikati ya mapaja. Wafaransa waliuita "plan américain", yaani mpigo wa Kimarekani, kwa kuwa ulizoeleka katika filamu za kauboi: ilibidi uso uonekane na bastola iliyoning'inia nyongani nayo ionekane.

(d) Mpigo wa kifuani. Mtu anaonekana tangu kifuani au kiunoni kwenda juu. Huu ndio mpigo wa mazungumzo, maana hutupa uso na mikono pamoja, kwa umbali ule ule tunaoketi tunapoongea na mgeni.

(e) Mpigo wa uso. Uso peke yake umejaa. Hapa tendo hupungua na nafsi huzidi. Mwaka 1928 Mdenmaki Carl Dreyer alitengeneza filamu juu ya kesi ya Jeanne d'Arc, na sehemu kubwa ya filamu hiyo ni nyuso: za mahakimu na ya mshitakiwa, aliyeigizwa na Renée Falconetti. Mtazamaji hapewi nafasi ya kuangalia pembeni.

(f) Mpigo wa kipande. Jicho tu, kidole tu, ufunguo tu. Huamuru: "Tazama hiki, wala si kingine." Katika filamu fupi ya Ousmane Sembène, Borom Sarret, ya mwaka 1963, askari wa mjini Dakar anaikanyaga nishani ya vita ya maskini mwenye mkokoteni. Kiatu na nishani: habari nzima ya mtu aliyepigania dola na jinsi dola ilivyomlipa imo humo.

Ieleweke kwamba mipaka kati ya aina hizi si ya kukatwa kwa kisu. Mafundi hawakubaliani daima iwapo mpigo fulani ni wa kifuani au wa mapajani. La muhimu ni kuuliza: mwongozaji ametusogeza karibu kiasi gani, na kwa nini hapa?

4. Mipigo kwa pembe

Kamera ikiwa kwenye usawa wa macho, mtazamaji na mhusika wako sawa. Ikipandishwa na kutazama chini, tuna mpigo wa kutoka juu. Ikishushwa na kutazama juu, tuna mpigo wa kutoka chini.

Vitabu vya mafunzo husema kwamba mpigo wa kutoka juu humdunisha mtu na mpigo wa kutoka chini humkuza. Kanuni hii ina ukweli, lakini mwanafunzi asiikariri kama jedwali la hesabu. Tuchukue mfano wa Citizen Kane, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1941. Baada ya Kane kushindwa katika uchaguzi, anaongea na rafiki yake usiku katika ofisi tupu ya kampeni. Kamera imewekwa chini sana, hata ikalazimu sakafu itobolewe. Kwa kanuni ya vitabu, Kane angeonekana mshindi. Kumbe sivyo: miguu yake inaonekana mizito, dari imemwinamia, na ukubwa wa mwili wake unazidisha aibu ya kushindwa kwake. Maana ya pembe, kama maana ya neno, hutegemea muktadha.

5. Mipigo kwa mwendo

Kamera inaweza kukaa mahali pamoja ikageuka, au inaweza kuondoka pale ilipo. Tofauti hii ni ya msingi.

Ikigeuka kushoto au kulia, kama mtu ageuzavyo shingo, tuuite mpigo wa kugeuka. Ikiinua au kuinamisha uso, ni mpigo wa kuinua au wa kuinamisha. Ikiondoka yenyewe na kumfuata mhusika, iwe juu ya reli, juu ya gari au mikononi mwa mpigaji, ni mpigo wa kuandama.

Mbali na hayo, ipo lenzi inayoweza kuvuta kitu karibu huku kamera imetulia; huo ni mpigo wa kuvuta. Wengi huuchanganya na ule wa kuandama, lakini macho yakizoea hayadanganyiki. Kamera inapoandama, vitu vilivyo karibu hupita haraka na vilivyo mbali hupita polepole, na vilivyofichika nyuma ya nguzo hujitokeza. Lenzi inapovuta, hakuna kinachojitokeza: picha yote hukuzwa kwa pamoja. Wa kwanza humfanya mtazamaji atembee. Wa pili humpa darubini.

6. Mipigo ikiunganishwa

Mpigo mmoja hauishi peke yake. Watu wawili wanapozungumza, desturi ni kuonyesha mmoja, kisha mwingine, kwa zamu. Tunaweza kuiita mipigo ya kujibizana, kama washairi wajibizanavyo beti. Ili mtazamaji asipotee, mafundi huwaza mstari unaopita kati ya wazungumzaji hao wawili, na kamera hubaki upande mmoja wa mstari huo. Ikivuka bila maandalizi, wazungumzaji huonekana kama wanatazama upande mmoja badala ya kutazamana.

Aidha, upo mpigo wa jicho la mhusika. Tunaonyeshwa mtu akitazama. Kisha tunaonyeshwa anachokitazama, kutoka pale aliposimama. Katika Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo limekuwa mashuhuri: aliuunganisha uso ule ule wa mwigizaji na sahani ya supu, na jeneza, na kadhalika. Yasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa katika uso huo, kisha huzuni, ilhali uso haukubadilika hata kidogo. Fundisho lake ni kwamba sehemu ya maana haimo katika mpigo wowote. Imo katikati ya mipigo miwili, na mtazamaji ndiye anayeijenga.

7. Kisa cha mbu

Sasa turudi kwenye dai tulilolitaja mwanzoni. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za mafunzo wenye makao yake Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika. Zilitengenezwa filamu 35, zikazungushwa katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki na ya Kati, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za maelezo yake. Mwaka 1939 iliundwa idara ya filamu za makoloni mjini London, ikaongozwa na William Sellers, aliyekuwa ameonyesha filamu za afya huko Nigeria. Yeye na wenzake waliamini kwamba Waafrika wanahitaji filamu za namna yao peke yao: mipigo mirefu, mwendo wa polepole, hila chache, mikato michache. Kwa maneno mengine, mtazamaji alinyimwa sarufi kwa madai kwamba haiwezi.

Ushahidi uliosimuliwa mara nyingi ni kisa cha mbu. Yasemekana watu walionyeshwa filamu ya malaria ambamo mbu alijaa kioo kizima. Filamu ilipokwisha, walisema hawana haja ya kuogopa, kwa maana mbu wa kwao ni wadogo. Kisa hiki kimesimuliwa kwa sura nyingi na mahali pengi, hata ni vigumu kujua kilitokea wapi, kama kilitokea.

Hata tukikikubali, kinathibitisha nini? Tukitazame kwa vyombo tulivyovipata. Mbu aliyejaa kioo ni mpigo wa kipande. Mpigo huo hauna kipimo ndani yake. Kipimo hutoka katika mpigo uliotangulia. Mwongozaji makini angeonyesha kwanza mkono wa mtu na mbu ametua juu yake, kisha angesogea. Aliyekosa hapo si mtazamaji, ni mtunzi wa filamu aliyesahau kuunganisha sentensi zake. Na tusisahau uwezekano mwingine: kwamba watazamaji walikuwa wanafanya mzaha. Wazee wetu wanajua sana kumjibu mkubwa kwa mzaha ambao mkubwa hautambui.

Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, walizipenda filamu za kauboi kiasi cha kujiita "Bills", kwa kumfuata Buffalo Bill, wakaiga mavazi na mikogo ya mashujaa wao. Filamu hizo zilijaa mikato ya haraka, mipigo ya mapajani na mipigo ya uso. Hakuna aliyewafundisha vijana hao sarufi hiyo darasani. Waliisoma wenyewe, kwa kutazama.

8. Mfano wa nyumbani

Ili tusibaki katika nadharia, tutazame filamu iliyopigwa Katanga yetu na inayosema Kiswahili. Ni Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki kule Cannes mwaka 2017. Jina lake lenyewe ni somo la lahaja: msomaji wa Dar es Salaam anaweza kudhani ni habari za maandishi ya gazetini, kumbe sisi tunajua ni yale makaa ya kupikia. Inamfuata mwanamume wa kijijini anayekata mti, anauchoma katika tanuru la udongo, kisha anasukuma baiskeli iliyosheheni magunia kwenda kuuza Kolwezi, mwendo wa kilometa 50 hivi.

Mwanzoni tunamwona akitembea na mashoka, nasi tuko nyuma yake: mpigo wa kuandama. Kwa kuwa uso wake hauonekani, tunausoma mwendo wake. Mti anaokwenda kuukata ni mkubwa mno, na ukubwa huo hauelezwi kwa maneno. Unaelezwa kwa mwili wa mtu mmoja uliosimama karibu na shina. Kisha barabarani, kamera haiachani naye. Mikato ni michache. Mtazamaji anaanza kuchoka, na huo ndio uchovu anaotakiwa kuupata. Hapa mpigo mrefu, uleule ambao watu wa London waliudhania kuwa chakula laini cha watu wasioelewa, umekuwa silaha: unamlazimisha mtazamaji wa mbali aone bei ya gunia moja.

Hata hivyo mtazamaji ana haki ya kuuliza swali gumu. Mtu anahema, baiskeli inayumba, malori yanapita yakimfunika vumbi. Na hatua chache kutoka pale yupo mtu mwingine mwenye nguvu zake, ameshika kamera, hasukumi. Je, kuandama ni kusindikiza au ni kuchungulia? Wapo watakaosema kwamba bila kamera ile dunia isingejua. Wapo watakaosema kwamba dunia ikijua, baiskeli haipungui uzito. Hatukusudii kuamua hapa. Tunataka tu kuonyesha kwamba swali hili la maadili haliwezi kuulizwa kwa ukamilifu na mtu asiyeona mahali kamera iliposimama. Anayesimulia kisa peke yake atasema: "Alisukuma baiskeli." Anayeujua mpigo ataongeza: "Nasi tulikuwa nyuma yake, kwa umbali huu, kwa muda huu, na hatukumsaidia."

9. Hitimisho

Tumeeleza kwamba mpigo ni kipande cha filamu kisichokatwa, na kwamba huainishwa kwa umbali, kwa pembe na kwa mwendo. Tumependekeza majina: mpigo wa mandhari, wa mwili mzima, wa mapajani, wa kifuani, wa uso, wa kipande, wa kutoka juu na wa kutoka chini, wa kugeuka, wa kuinua na wa kuinamisha, wa kuandama, wa kuvuta, mipigo ya kujibizana na mpigo wa jicho la mhusika. Hatudai kwamba majina haya ndiyo ya mwisho. Katika Tanzania wengine husema "shoti", na matumizi ya watu yana nguvu kuliko mapendekezo ya walimu. Lakini tumejitahidi kuyatoa katika hazina ya lugha yenyewe, ili hata asiyewahi kusoma kitabu cha sinema aweze kuyafahamu akiyasikia.

Tunawashauri walimu wajaribu zoezi dogo. Wachague dakika tatu za filamu yoyote, wazime sauti, na wamtake kila mwanafunzi aandike kwa Kiswahili orodha ya mipigo: umbali, pembe, mwendo na muda. Kisha waulize: ni mpigo gani ungeuondoa, na maana ingebadilikaje? Zoezi hili halihitaji mashine za gharama. Siku hizi wanafunzi wengi wana simu zenye kamera mfukoni, nao hupiga mipigo kila siku bila kujua wanachokiamua. Wakijua, watakuwa watazamaji wasiodanganyika kwa urahisi. Na pengine baadhi yao wataishika kamera na kuamua wenyewe isimame wapi.